Maneno Matatu ya Kwanza

Mwalimu aliyetufundisha mashindano ya maswali alikula kwa mama yangu miaka miwili. Nalisema hili kabla ya mengine yote, kwa sababu watu wanaponiuliza kwa nini nilimchukia kiasi kile, wanadhani ni mambo ya shule tu. Alikaa katika chumba cha uani kwetu Mpofi, kijiji cha Walikale, mashariki ya Kongo, chumba ambacho baba alikijenga kwa ajili ya kaka yetu aliyekwenda kuchimba madini na hakurudi kukaa. Asubuhi alikunywa uji wetu. Jioni alikula bugali wetu na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Siku baba alipopata nyama porini, kipande kizuri kilikwenda kwenye sahani yake, na sisi watoto tuliona ni sawa, maana alikuwa mwalimu, alitoka Bukavu, na alikuwa na jografia yote kichwani.

Shule yetu ilikuwa ya mbao, na mvua ikinyesha juu ya mabati somo lilisimama. Yeye ndiye aliyetuletea mashindano hayo. Timu mbili za wanafunzi zinakaa zikitazamana, kila timu na kengele yake. Muulizaji anasoma swali la maarifa ya jumla: miji, mito, vita vya zamani, sayari, wanyama, chochote. Anayepiga kengele kwanza ndiye anayejibu, na akikosa anapoteza pointi. Kengele zetu zilikuwa za baiskeli, Mwalimu alizifunga kwa waya kwenye meza mbili kuukuu, na siku ya kwanza darasa zima lilikuja kuzigusa.

Alikuwa na njia yake moja, na aliirudia kila siku.

“Musingoje swali iishe,” alisema, akigonga meza kwa kidole. “Maneno tatu ya kwanza inatosha. Ukisikia ‘muto murefu kuliko’, kichwa yako ikuwe imeshafika ku Nile. Mwenye anangoja, huyo ameshapoteza.”

Mdogo wangu wa kike aliishika njia hiyo kama aliyezaliwa nayo. Tulikuwa darasa moja, mimi na yeye, ingawa nimemtangulia mwaka mmoja. Mwaka huo niliupoteza nilipougua muda mrefu, wakati vita vilipotukimbiza mpaka Buleusa kwa bibi. Alikuwa mwepesi wa kila kitu: kutembea, kucheka, kulia, kujibu. Mkono wake ulifika kwenye kengele muulizaji akiwa bado anavuta pumzi. Mimi nilipenda kulisikia swali mpaka mwisho, nilione lote, nijue linataka nini. Mwalimu alinipigia kelele, “We, unalala!” Nami nilijifunza kupiga haraka kama wengine, nikapiga haraka miaka miwili, lakini sikupata kuipenda njia ile hata siku moja.

Nyumbani tuliulizana tukimenya mihogo. Mama hakusoma Kifaransa, na mashindano yote yalikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo alikamata maneno mojamoja tu. Siku moja mdogo wangu alipaza sauti, “Ouagadougou!” Mama akaacha kisu.

“Hiyo ni jina ya muji ao ya ugonjwa?”

Tulicheka mpaka tukalala juu ya maganda. Mwalimu naye alicheka, akiwa amekaa kwenye kiti cha baba. Ndivyo tulivyokuwa wakati ule.

Mwaka wa pili tulishinda shule zote za upande wetu, kisha tukazishinda za Walikale nzima. Mdogo wangu na mimi tulikaa bega kwa bega, yeye miji na sayansi, mimi historia na lugha. Watu wa parokia walitupigia ngoma tuliporudi. Likizo ilipoanza, Mwalimu akasema ana habari ya kuwaambia wazazi.

Ilikuwa baada ya chakula. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nammiminia maji anawe mikono. Akasema amepata kazi katika shule moja ya Bweremana, ukingoni mwa ziwa, shule ya matofali yenye umeme wa jua na maktaba. Masista wenye shule wamemruhusu aje na mwanafunzi mmoja, atasoma bure na kulala kwao.

“Mudogo,” akasema. “Huyu iko na kichwa.”

Baba akauliza, “Na mukubwa?”

Mwalimu alikuwa bado amenyoosha mikono chini ya birika langu. Hakuinua hata macho.

“Mukubwa anatumia nguvu tu. Kichwa yake iko mufupi. Munaweza kumufundisha kushona, itamusaidia.”

Niliendelea kumimina. Nakumbuka maji yalikwisha na mimi nikabaki nimeinamisha birika tupu, na yeye akakung'uta vidole, akasema aksanti. Baba alikubali. Sikumlaumu baba, mtoto mmoja kusoma bure si jambo dogo. Mama aliniangalia, akaniita jikoni, akanipa kazi ya kupepeta unga.

Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa hapo akisikia yote, ndiye niliyemngoja aseme. Ningetosheka na kidogo tu. Angeweza kusema “na dada yangu?” hata kama jibu lingekuwa hapana. Alifunga nguo zake, akafunga na atlasi yetu, ile tuliyokuwa tunaifungua wawili, yenye Afrika iliyochanika katikati. Asubuhi pikipiki ilikuwa inanguruma mlangoni.

“Dada,” akasema, “utanielewa.”

“Nenda,” nikamwambia.

Shule ilipofunguliwa, wenzetu hawakunihurumia. “Fundi wa kushona iko wapi cherehani?” Maneno ya Mwalimu yalikuwa yametoka nyumbani kwetu yakafika darasani, sijui nani aliyapeleka. Nilikaa na hasira ile kama mtu anavyokaa na jino bovu: nakula nayo, nalala nayo, naisugua kwa ulimi nione kama bado inauma. Iliuma. Kanisani padri alipofika pale pa kusamehe wanaotukosea, nilifunga mdomo nikangoja wengine wapite hapo, kisha nikaendelea nao. Mama alikuwa kando yangu. Alisikia, nadhani.

Papa Prefe, mkuu wa shule yetu, mzee mwenye kikohozi na kofia ya sufu, alitaka kuiacha timu. Nilimfuata ofisini kwake.

“Mwalimu ameenda,” akasema. “Nani atabafundisha?”

“Mimi.”

“We ni mwanafunzi.”

“Najua vyote alikuwa anafundisha. Na ninajua vyenye hakufundisha.”

Alikohoa muda mrefu, halafu akanipa ufunguo wa chumba chenye meza za kengele.

Nilichukua wenzangu wawili: mvulana mrefu, mtoto wa shemasi, ambaye alikumbuka kila kitu alichosoma ila alisema polepole, na msichana ambaye mama yake aliuza mafuta ya mawese sokoni. Tulikopa vitabu parokiani. Tulisikiliza redio. Niliwakataza kugusa kengele kabla ya nukta. Mtoto wa shemasi alifurahi sana. Alidhani ninamtetea yeye. Kumbe nilikuwa bado sijui naelekea wapi. Nilijua tu sitaki kufanya chochote kama yule mtu.

Njia ilinifungukia katikati ya mwaka, ilipofika karatasi ya kanuni mpya za mashindano ya Masisi na Walikale. Papa Prefe alitusomea. Fainali itafanyika Bweremana. Katika sehemu ya mwisho, kila timu itaandika maswali matano yake na kuiuliza timu nyingine. Mwenye kujibu kabla swali halijasomwa lote atapata pointi mara mbili. Akikosa, atapoteza mara mbili.

Niliomba aisome tena kanuni hiyo. Akaisoma tena.

Jioni hiyo nilikuwa natwanga sombe nikaanza kucheka peke yangu. Mama akauliza nacheka nini.

“Mama, mutu akifundishwa kuruka kila mara anaona fimbo, unamufanya nini aanguke?”

“Unamuwekea fimbo,” akasema. “Juu ya nini unauliza?”

Nilitwanga mpaka majani yakawa maji.

Maswali yale matano yalinichukua muda mrefu kuliko kitu chochote nilichopata kuandika. Sikutaka uongo ndani yake. Nilitaka kila swali lianze kwa maneno yaleyale aliyotukaririsha kwenye uani wetu, halafu ligeuke. Niliyasoma kwa sauti porini nikienda kutafuta kuni, nikisikiliza ni neno lipi ambalo mkono wa mdogo wangu utashindwa kujizuia. Niliujua mkono ule. Nilikuwa nimelala kando yake tangu alipoachishwa ziwa. Nilipolipata neno, moyo wangu ulitulia kwa namna ambayo haukuwa umetulia tangu siku ya birika.

Tulishinda Walikale tena, kwa shida, mtoto wa shemasi akijibu polepole na watu wakipiga miayo. Shule ya Bweremana ilishinda upande wa Masisi bila jasho. Hiyo ilikuwa miezi ambayo njia ilikuwa bado inapitika. Papa Prefe alikodi pikipiki mbili, tukaenda kwa matope, tukivuka vizuizi, tukalala kwenye nyumba ya parokia Masisi, ambako baridi ilitufanya tuvae nguo zote tulizonazo. Kesho yake tuliteremka na milima ya ng'ombe na mashamba ya maharagi mpaka Sake, halafu tukafuata ziwa. Msichana wa mafuta hakuwa ameona ziwa. Alisema, “Hii maji yote, nani anaichunga?” Mimi sikuliangalia sana. Nilikuwa nimeshika mfuko wangu.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi, kiatu kinang'aa, koti la kijivu. Wanafunzi wake watatu walikuwa nyuma yake na sare mpya. Aliponiona alifungua mikono kama mwenye nyumba.

“Ah! Fundi wa kushona amefika!”

Watoto wake wawili walicheka. Wa tatu alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amesukwa vizuri, amenenepa kidogo, na aliangalia chini.

Nilisema, “Jambo, Mwalimu,” na nilimpa mkono, na nilipiga goti kidogo kama mama alivyotufundisha.

Mdogo wangu alinikuta kwenye bomba la maji, nyuma ya ukumbi.

“Mama iko namna gani?”

“Iko.”

“Na mugongo yake?”

“Ingali inauma.”

Alisubiri nimuulize na mimi. Sikumuuliza.

“Dada, umeleta nini mu ile mufuko?”

“Maswali,” nikasema, nikafunga bomba, nikaondoka.

Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na juri, waamuzi watatu, mkubwa wao padri mzee mwenye miwani mizito. Sista mkuu wa shule ya Bweremana alikaa benchi la kwanza, Mwalimu kando yake, Papa Prefe upande wa pili akikohoa kwenye kitambaa. Katika sehemu za kwanza walitupiga. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka, na kila alipopiga, ukumbi ulishangilia, maana walikuwa kwao. Kulipokuwa na mapumziko, msichana wa mafuta alikuwa anataka kulia.

“Batatumaliza,” akasema.

“Ngoja,” nikamwambia.

Sehemu ya mwisho walianza wao kutuuliza. Tulisikiliza kila swali mpaka mwisho, tukapata matatu kati ya yote, pointi ndogo ndogo. Walikuwa bado mbele sana. Kisha padri akachukua karatasi yetu kuikagua. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena, akaniangalia juu ya miwani. “Iko sawa,” akasema. Nadhani alitabasamu.

Nilisimama. Kifaransa nilichosoma siku ile nakiandika hapa kwa Kiswahili.

“Mto mrefu kuliko...”

Kengele. Mdogo wangu hata hakungoja “yote”. Aliruka karibu asimame, uso umefunguka kwa furaha.

“Nile!”

Nilingoja vigelegele vifike juu kabisa. Halafu nikasoma: “Mto mrefu kuliko yote katika Afrika ni Nile. Je, ni mto gani wenye kina kirefu kuliko mito yote ya dunia?”

Padri akasema, “Jibu ni mto Kongo. Mumekosa, mara mbili.” Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengi. Mdogo wangu aliniangalia, mdomo wazi, na utamu ulinipanda mpaka kwenye meno. Sitasema nilimhurumia. Nilimwona anaumia na nikataka aumie tena.

“Sayari iliyo karibu...”

Safari hii alisita. Nilimwona anasita. Lakini Mwalimu, pale benchini, aligonga goti lake kwa kidole, ile ishara aliyotufundisha uani: piga. Akapiga.

“Mercure,” akasema, kwa sauti ndogo.

“Sayari iliyo karibu na jua kuliko zote ni Mercure. Je, ni ipi yenye joto kali kuliko zote?”

“Venus,” akasema padri. “Mumekosa, mara mbili.”

Swali la tatu lilianza na mlima mrefu kuliko yote Afrika. Mwalimu aligonga goti. Mdogo wangu aliweka mikono yake miwili chini ya mapaja akaikalia. Akangoja mpaka nukta, akatoa mkono mmoja, akapiga, akajibu kwamba mlima mrefu kuliko yote ndani ya Kongo ni Ruwenzori, kilele cha Margherita. Alijibu sawa. Pointi za kawaida. Alinikazia macho, na macho yale nilikuwa ninayajua: ya siku tulipokuwa tukigombania kijiko. Hapo nikajua ameniona vizuri, na vita vyetu vikaanza kweli.

Lakini Mwalimu hakuwa ameona kitu. Yeye aliona pointi mara mbili zinampita. Aligeuka akamwangalia yule mvulana aliyekaa kuume kwa mdogo wangu, akagonga goti kwa nguvu. Nilipoanza, “Mji mkuu wa kisiasa wa Burundi,” mvulana akanyakua kengele.

“Gitega!”

“Mji mkuu wa kisiasa wa Burundi ni Gitega. Je, ni upi mji wake mkuu wa kiuchumi?”

“Bujumbura,” akasema padri, na sasa alicheka waziwazi. Mwalimu akasimama. Padri akamwambia akae, ama timu yake itapoteza tena. Akakaa. Sista mkuu alikuwa anamwangalia yeye, hawaangalii watoto.

Likabaki moja, nao walikuwa bado mbele yetu kwa kitu kidogo sana. Mdogo wangu alivuta kengele mpaka kifuani. Nilisoma taratibu.

“Mnyama mrefu kuliko wote duniani...”

Hakupiga. Mwalimu aligonga goti, akakanyaga sakafu, akakohoa kwa nguvu kumshinda Papa Prefe. Mdogo wangu hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja niseme lililobaki. Nilivuta pumzi, na katika pumzi hiyo yule mvulana alinyoosha mkono juu ya bega lake akagonga kengele kifuani mwake.

“Girafe!”

Nilimalizia nikimwangalia Mwalimu, si wao. “Mnyama mrefu kuliko wote duniani ni twiga. Je, ni nani ndugu yake wa pekee wa karibu aliye hai, anayeishi katika misitu ya Kongo?” Na sikumngoja padri. “Okapi,” nikasema. Baba alikuwa ametuonyesha ngozi ya okapi tungali wadogo, ngozi ya zamani aliyoachiwa na babu yake.

Padri akatangaza kwamba wamekosa mara mbili, na ushindi ni wetu. Watu wa Walikale tuliokuwa ukumbini hatukujaza hata benchi mbili, lakini kelele tuliyopiga ilijaza nyumba. Papa Prefe alivua kofia yake ya sufu akaipunga. Msichana wa mafuta alinikumbatia, na mimi nilikuwa nimesimama wima kama mti, naangalia anakoelekea Mwalimu.

Alikuwa nje, amemkamata mdogo wangu kwa mkono. “Mupumbavu! Kengele ilikuwa ku mukono yako! Nilikutoa mu pori juu ya nini?” Watu walikuwa wanapita. Sista mkuu alikuwa mlangoni. Niliona ndiyo nafasi yangu. Nilienda mpaka mbele yake, nikapiga goti tena, nikaongea kwa sauti ya kusikika.

“Aksanti sana, Mwalimu. Ile maswali yote ni yako. Weye njo ulitufundisha kupiga kengele mbele ya kusikia. Nilijua batoto bako batapiga tu, juu mimi mwenyewe nilipiga vile miaka mbili, kwetu, ku chakula ya mama yangu.”

Akaachia mkono wa mdogo wangu.

“Uko na roho mubaya,” akasema.

“Ndiyo, Mwalimu.”

Sista mkuu alimwita ndani. Sikusikia waliyosema. Najua tu kwamba mwaka uliofuata timu ya Bweremana ilifundishwa na mtu mwingine, na mwaka wa baada yake Mwalimu hakuwa tena katika shule ile.

Kabla hatujapanda pikipiki nilimkuta mdogo wangu kando ya ziwa, pale wanawake wanapoanika sambaza, dagaa wa ziwa lile. Nilidhani atalia. Alikuwa anakula sambaza za kukaanga kwenye karatasi, amekasirika.

“Usifikiri nilikuachia,” akasema. “Ile ya mwisho nilikuwa nangoja tu umalize. Ningesema okapi. Ningekushinda.”

“Najua.”

“Mbili za kwanza, uliziandika juu yangu.”

“Ndiyo.”

“Muzuri.” Akala nyingine. “Siku ile mimi nilinyamaza mbele ya baba, niliogopa nikisema Mwalimu atatuacha sisi wote.”

Hakuomba msamaha, na mimi sikumpa. Alinisogezea karatasi, nikachukua sambaza mbili. Zilikuwa na chumvi nyingi.

Masista walimbakiza. Alipata diploma yake pale, mimi nikapata yangu Mpofi, na sasa ninafundisha Buleusa, katika shule ya upande wa bibi. Yeye aliolewa Bweremana. Njia kati yetu imefungwa mara nyingi miaka hii, kwa hiyo tunasikilizana kwa simu, ninapopanda kilimani penye mtandao.

Mwaka huu mkuu wa shule yetu aliniita. Mwalimu mmoja wa jografia ameandika anatafuta kazi, amekimbia vita, anakaa kwa watu, na amesema aliwahi kufundisha Mpofi. Alinitajia jina.

“Unamujua?”

“Namujua.”

“Anafundisha muzuri?”

“Anafundisha muzuri,” nikasema. “Lakini akiingia hapa, mimi natoka.”

Aliniuliza sababu, nikamsimulia yote, tangu chumba cha uani. Alisikiliza, akajikuna shingo, akasema jografia itafundishwa na yeye mwenyewe mpaka apatikane mtu mwingine. Nilirudi darasani nikaendelea na somo. Jioni nilikula nikashiba.

Mama aliposikia hakufurahi. Alisema mtu aliyekimbia vita anahitaji pa kukaa, hata kama ni yule. Nilimwambia apate, lakini si kwangu. Tukaacha hapo, na siku mbili tatu alikuwa ananijibu kwa neno mojamoja.

Jumapili nilipanda kilimani nikampigia mdogo wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Umemukatalia juu yangu ao juu yako?” akauliza.

“Juu yangu.”

“Haya,” akasema. Nilisikia upepo wa ziwa kwenye simu, na mtoto wake akinung'unika karibu. Ameanza kuota meno, akanieleza, halali, anauma kila kitu, jana ameuma sikio la baba yake mpaka likavimba. Tulicheka, halafu mtandao ukakatika.